Ngozi ya Mama Yangu Haikupigwa Chale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana minyi, mimi Odeta, leo sikuja kunong'ona.

Nitaanzia pale subira yangu ilipokatika. Ilikuwa mchana, nyumbani kwa mama yangu mzazi, hapa hapa Kamina. Mama alikuwa amerudi kutoka hospitali ya Lubumbashi, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, yeye ambaye wengi wenu mlikuwa mmeshaanza kumlilia. Kikundi chetu cha maombi kikaja kumshukuru Mungu pamoja nasi. Nilisonga bukari, ugali wetu, nikapika sombe ya majani ya muhogo, nikaweka samaki wa kutosha. Tukaimba. Mama akacheza kidogo kwa kukaa, mabega tu. Kisha, kwa furaha yake, akasema neno ambalo angejua litamrudia vile asingelisema.

"Bamunganga ba hopitali kule bananikata ngozi fasi tatu," akasema. "Njo bakajua ugonjwa."

Papa Mwamba, kiongozi wetu wa maombi, akaacha kutafuna. "Fasi tatu, wapi?"

"Ku mukono, ku tumbo, na huku ku paja."

"Ulikuwa na jipu?"

"Hapana, Papa. Ngozi ilikuwa nzima."

Ndugu zangu, mtu yule akasimama. Chupa ya mafuta ya maombi mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akashika kitenge cha mama yangu akakipandisha hadi pajani, mbele ya wote, wanaume na wanawake, kama mtu anayefunua beseni sokoni aone kama samaki wameoza!

"Angalieni!" akapaza sauti. "Hopitali inakataka jipu. Hopitali inakataka kidonda. Ngozi nzima, nani anaikataka? Mufumu, mganga wa mizimu! Hizi ni chale! Huyu mama alipona kwa shetani, anakuja kutukulisha bukari ya shetani!"

Mume wangu Ilunga alikuwa ndani ya nyumba ile. Nanyi mnajua desturi yetu ya bukwe: mwanaume hamtazami mama-mkwe wake usoni, hali naye sahani moja. Ilunga alikuwa amekaa pembeni ameelekea ukutani, anakula kwa adabu yake. Aliposikia kelele aligeuka, akaona asichopaswa kuona mpaka kaburini. Akavuta shati akafunika uso, akatoka mbio, akagonga mlango kwa paji la uso. Mama akashusha kitenge kwa mikono miwili. Mama yangu, ambaye sauti yake inasikika kutoka mwisho wa soko hadi barabarani, akainamisha kichwa kama mtoto aliyeiba!

Hapo njo subira ilikatika. Niliushika mkono wa Papa Mwamba, ule ule uliofunua, nikamwambia, "Papa, ungekuwa mutoto wangu ningekuchapa. Kwa sababu uko muzee, toka."

"Odeta," akanijibu mbele ya watu, "pepo ya mama yako njo inasema ndani yako."

"Basi iko inasema Kiswahili muzuri, Papa. Inasema: toka!"

Wakatoka. Wengine walitoka na sahani zangu mkononi, sijaziona hadi leo.

Sasa nirudi nyuma, ndugu zangu, ili kila mtu aelewe ni kitu gani kilifunuliwa siku ile, na ni nani aliyepaswa kuona haya.

Mama yangu, Mama Ngoie, anauza samaki wakavu kutoka Bukama. Amezaliwa kando ya mto Lualaba, ameolewa huku Kamina, akafiwa na baba yangu, akatulea kwa harufu ya samaki. Minyi nilisoma hadi kumaliza sekondari kwa samaki wale. Watoto wenzangu walikuwa wanaziba pua nikipita. Nilipata diploma, wao wakabaki na pua zao.

Ugonjwa ulianza kama homa. Homa inakuja, inaondoka, inarudi. Anatoka jasho mpaka shuka unalikamua. Tukaenda kwenye kituo cha afya. Wakamchoma kidole, wakasema hakuna malariya. Halafu wakamlaza na kumtundikia seramu ya kinini. Nikauliza: kama hakuna malariya, kinini ya nini? Wakanitazama kama vile nimetukana. Homa ikapoa, tukarudi nyumbani, homa ikarudi. Tukaenda tena. Wakasema tifoide. Wakatoa vidonge vya tifoide. Homa ikapoa, ikarudi. Wakati huo mama anakonda. Kitenge alichokuwa anakifunga mara moja kiunoni sasa kinazunguka mara mbili. Lakini ukimpapasa, hakuna uvimbe. Shingoni hakuna, kwapani hakuna. Macho meupe, hayana umanjano. Ngozi safi kabisa. Ngozi ya mama yangu iliwadanganya wote, ndugu zangu, na mkumbuke hilo.

Kisha ugonjwa ukapanda kichwani. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Akawa anaweka mkaa ndani ya sufuria na bukari chini ya sufuria. Miguu ikawa inakataa. Anaiambia tembea, haitembei.

Na siku moja sokoni nilimwachia mtoto wangu wa kunyonya kwa muda mfupi tu, niende kuchota maji. Niliporudi niliona watu wamekusanyika wanacheka. Mama alikuwa amemlaza mtoto wangu juu ya meza katikati ya samaki, amemfunika na gunia hadi shingoni, na anaita wateja: "Njooni! Huyu iko mubichi! Ametoka leo mu maji!"

Bantu banacheka. Minyi nikacheka pia, Mungu anisamehe, kwa sababu sauti ilikuwa ile ile yake ya kila siku. Kisha nikaona macho yake. Hakuwa anatania. Alikuwa anangoja mtu ataje bei.

Nikamnyanyua mtoto, nikamshika mama mkono, tukaenda moja kwa moja kituo cha afya. Muuguzi akaniambia, "Mama Odeta, huku kwetu homa ni malariya mpaka ionyeshe kitu ingine."

"Imeonyesha!" nikamwambia. "Anauzisha mutoto wangu!"

Wakatundika kinini.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kumdhalilisha mama. Yeye mwenyewe ameniruhusu, na anacheka akiyasikia. Ninasema kwa sababu kuanzia siku ile ya soko, watu hawakusema tena "Mama Ngoie anaumwa." Walisema "Mama Ngoie amefungwa na wachawi." Papa Mwamba akaja nyumbani na mafuta yake. Akaomba, na sikukataa maombi, kwa nini nikatae? Nilipiga magoti hadi saruji ikaniachia alama. Lakini yeye kila alipomaliza kuomba alisema neno lile lile: msimpeleke mbali, kifungo hiki si cha sindano. Na homa inapanda! Na mama anazidi kwenda!

Hatimaye daktari mmoja wa hospitali ya hapa mjini alimpima damu tena na tena, akampiga ekografi, picha ya tumbo, akaketi, akaondoa miwani. Alisema, "Mama, hapa nimefika mwisho. Kuna kitu kimoja ndani ya damu yake kiko juu sana, kinanitisha, na sina chombo cha kukifuata. Nendeni Lubumbashi, na msichelewe." Mtu yule namshukuru. Ni wa kwanza kukiri kwamba hajui, na kukiri kwake njo kulituvusha. Lakini nauliza mbele yenu: Kamina ni makao makuu ya jimbo zima, tuna gavana, tuna ofisi zenye bendera, na hatuna chombo cha kufuata kitu kilicho ndani ya damu? Wa Kabongo akiumwa vile, ambaye anatoka mbali zaidi, afanye nini? Afe na kinini mkononi?

Tukamchukua hadi stesheni ya treni. Hapa muone adabu ya mtu mwenye adabu. Mama hawezi kutembea, na Ilunga hawezi kumbeba mama-mkwe wake mgongoni. Afadhali angekatwa mguu. Akafikiri. Akafunga mto juu ya keria ya baiskeli yake, minyi nikamkalisha mama akitazama nyuma, na Ilunga akasukuma baiskeli akitazama mbele. Mgongo kwa mgongo, njia nzima, na mkono mmoja ameupeleka nyuma kushika kiti, si kumshika yeye. Mama katika kuchanganyikiwa kwake akauliza kwa sauti, "Nani huyu ananisukuma kama gunia?" Ilunga akajibu kwa kuangalia barabara, "Ni gari, Mama. Gari ya serikali." Mama akasema, "Leo serikali imefanya kitu!" Hata minyi nilicheka, machozi yanatoka.

Lubumbashi tulimpata Dokta Numbi. Ni mwanamke, ni mkali, hana muda wa kubembeleza. Alimpima mama kuanzia kichwani hadi kwenye kucha. Akasoma karatasi zetu zote. Kisha akasema anataka kumkata ngozi fasi tatu.

Nikauliza, "Kumukata wapi? Ngozi haina kitu."

"Njo ile isiyo na kitu ninataka."

Ndugu zangu, nilihisi damu inapanda. Nilidhani ni dharau nyingine. Nikamwambia, "Dokta, minyi nilisoma. Usinifanye mujinga. Ugonjwa uko kichwani na kwenye damu, weye unakata ngozi?"

Akaweka kalamu chini. Akauliza kwao na mama ni wapi. Nikasema Bukama. Akasema, "Vizuri. Umewahi kuona majani yanayoelea yakiziba kijito kule Lualaba? Ukiwa juu ya kilima unaona maji yanametameta, unasema mto uko salama. Lakini mtumbwi haupiti. Kuna saratani moja ya damu, ni adimu, wengi wetu hatujawahi kuiona. Inaitwa limfoma, lakini hii haitengenezi uvimbe kama ndugu zake. Seli zake zinaingia ndani ya mishipa midogo ya damu na kukaa humo humo, zinaziba. Ikiziba mishipa ya ubongo, mtu anapoteza akili. Ya miguu, miguu inakataa. Na ukimpapasa, hakuna kitu. Minyi siwezi kumpasua kichwa niangalie mishipa. Lakini ngozi imejaa mishipa midogo kama ile, na ngozi naifikia. Hata inayoonekana safi. Hasa inayoonekana safi, kwa sababu huyu hana ngozi nyingine."

"Na kwa nini fasi tatu?"

"Kwa sababu mwizi huyu halali kila chumba. Nikigonga mlango mmoja nikasema hayupo, nitakuwa nimekudanganya."

Nikamwambia, kata. Ni mara chache ninakubali upesi, muulizeni Ilunga.

Wakamchoma sindano ya ganzi. Wakamkata mkononi juu, wakamkata tumboni, wakamkata pajani. Vipande vidogo, lakini vya kwenda chini, kwa sababu Dokta alisema lazima afike kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, mishipa anayoitaka iko humo. Mama alikuwa anatazama dari. Ghafla akasema, "Weye mwenye kisu, kata karibu na mufupa. Kule njo kuko butamu."

Dokta Numbi, yule mkali, alisimamisha kisu akacheka hadi akageuza uso. "Mama," akasema, "nitakukatia pazuri."

Wakashona kwa uzi. Wakafunika kwa bandeji. Hizo njo chale za mufumu, ndugu zangu! Hizo! Mchana, kwenye taa nyeupe, binti yake amesimama pale pale anasali Salamu Maria kwa sauti!

Tukangoja. Vipande vilipelekwa mbali, mahali wana rangi maalumu za kutambulisha seli zile chini ya mikroskopi. Kungoja kule siwezi kuwaeleza vizuri. Mama alikuwa hanijui tena. Nilikuwa nanyonyesha mtoto upande huu, namlisha mama uji upande huu, nao wawili wananitazama kwa macho sawa. Nikamwambia Mungu maneno ambayo Papa Mwamba angeyasikia angenimwagia mafuta chupa nzima. Nikamwambia: Bwana, kama unataka kumchukua, mchukue akinijua. Usimchukue akiwa ananiita marehemu. Si maombi mazuri, lakini njo yaliyokuwa ndani yangu, na yeye anasikia hata yale mabaya.

Majibu yakaja. Kipande cha mkono: safi, hakuna kitu. Kipande cha tumbo: zimo. Kipande cha paja: zimo, zimejaa ndani ya mishipa, zimebanana. Dokta akaniita akanieleza polepole. Kama wangekata mkono peke yake, mama angerudishwa nyumbani na kinini. Limfoma yenyewe ilikuwa imejaa zaidi pajani, mahali ambapo ngozi ni laini na nzima, mahali ambapo mtu wa maombi alikuja kupaona aibu.

Haleluya, ndugu zangu! Semeni tena, haleluya! Wengine wanamwona Bwana katika ndoto. Minyi nilimwona katika kipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha wangu. Alikuwa amelificha jibu mahali pasipo na maumivu, akangoja mtu mwenye ujasiri wa kukata pasipouma.

Wakaanza dawa. Ni dawa nzito zinazoingia kwa mshipa, kwa zamu. Mtu anapata, anapumzika majuma kadhaa, anarudi. Zilimtoa nywele. Zilimtapisha. Zamu ya kwanza homa ikashuka na kukaa chini. Baada ya zamu ya pili, asubuhi moja, nilikuwa nafua nepi za mtoto kwenye beseni pembeni ya kitanda. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Odeta."

Jina langu! Si la marehemu. Langu!

"Odeta, nani iko anauzisha samaki yangu?"

Mikono ikabaki ndani ya maji.

"Usiniambie umeachia Mama Kalenga meza yangu! Ule atauza na meza yenyewe!"

Nilianguka juu ya kifua chake na mikono ya sabuni. Akanisukuma, anasema ninamlowesha. Nikamwambia anisukume tena. Wagonjwa wote chumbani wakapiga makofi. Dokta Numbi alikuja akamuuliza leo ni siku gani, na huyu ni nani, na huyu mtoto ni nani. Alipofika kwa mtoto, mama akasema, "Huyu ni mujukuu wangu," akamvuta kidole cha mguu, "siyo samaki." Nilikuwa nimemsimulia.

Sasa mmejua tulikotoka. Mmejua ni mtu gani alikaa kwenye kiti mchana ule akicheza kwa mabega. Na mmejua ni kwa nini nilisema toka.

Lakini ushenzi haukuishia hapo. Padri Paroko alikuwa safarini Kabongo, na bila padri, Papa Mwamba alijiona askofu. Alituma watu kwa mama. Wakamwambia: mtu mwenye chale hapokei Komunyo mpaka aungame kwamba alienda kwa mufumu. Wakamwambia: ili usafike, ufunge, usiingize kitu cha sindano mwilini mwako mpaka kufunga kuishe. Na kufunga kwenyewe kulipita siku ya kurudi Lubumbashi kwa zamu yake ya dawa! Nikawaonyesha karatasi ya maabara. Wakasema karatasi inaandika chochote. Dokta Numbi alikuwa ametuambia waziwazi, mkiruka zamu, zile seli zitarudi kwenye mishipa, na zikirudi hazitakuwa na huruma.

Na mama, ndugu zangu, mama akawasikia wao! Mtu aliyeshinda saratani kichwani, akashindwa na aibu. Alikaa uani, kilemba kichwani, hataki kwenda sokoni. Nikamwambia treni inaondoka juma hili. Akasema, "Odeta, minyi nimebatizwa mbele ya weye kuzaliwa. Nikikufa, nikufe na Komunyo mudomoni. Sitapanda treni nikirudi banasema nimeenda tena kwa mufumu wangu."

"Mama, utakufa kwa ajili ya mudomo wa Mwamba?"

"Siyo mudomo wake. Ilunga aliniona."

Hapo njo nilielewa kidonda kilipo. Hakikuwa chale. Ilunga naye tangu siku ile alikuwa hapiti mbele ya nyumba ya mama. Anazunguka na baiskeli njia ya nyuma, kama mwizi. Nyumba mbili zimevunjwa kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe unaendelea kubariki watu kila juma!

Nikachukua kalamu. Nilisomeshwa kwa samaki, acha samaki waandike. Nikaandika mashtaka, nikamsomea mama. Mwisho akasema, "Hapo uliposema alinishika kitenge, ongeza kwamba mikono yake ilikuwa na mafuta. Kile kitenge kilikuwa kipya." Nikaongeza. Akasema, "Sasa peleka. Ukirudi na muhuri, nitafunga muzigo."

Nikapeleka ofisi ya parokia. Sekretari akasoma, akakuna kichwa. "Mama Odeta, mambo ya namna hii tunazungumzaka. Hatuandikake."

"Yeye alisema mbele ya watu. Minyi ninasema mbele ya muhuri. Piga."

Akapiga. Niliporudi, mama alikuwa anakunja nguo.

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu aliyetutoa kwenye maji yaliyozibwa. Ninamshukuru kwa yule daktari aliyesema hajui, na yule aliyekata ngozi nzima. Ninawashukuru waliotuombea bila kutufunua. Na weye unayenisikiliza, uliye na mgonjwa nyumbani mwenye homa isiyoisha, unayeambiwa ni kifungo, ni bahati mbaya, ni watu: mtumainie Bwana, lakini mtumainie ukiwa umesimama. Mpeleke. Uliza. Ukiambiwa watakata pasipouma, usikimbie. Mungu wetu alimtoa Adamu ubavu ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Haoni haya kutumia kisu. Anayekwambia imani ni kukaa nyumbani na chupa ya mafuta, mwulize yeye akiumwa jino anaenda wapi.

Nami sitaki kesho mseme Odeta alisema hiki au kile. Haya njo niliyoyapeleka, kama yalivyopigwa muhuri:

"Kwa Padri Paroko na Halmashauri ya Parokia.

Mimi, Odeta, mbatizwa wa parokia hii, binti wa Mama Ngoie, ninamshtaki Papa Mwamba, kiongozi wa kikundi cha maombi.

Alimfunua mama yangu paja mbele ya watu, bila ruhusa yake, mbele ya mkwe wake, kwa mikono yenye mafuta, juu ya kitenge kipya. Alimwita mtu wa mufumu. Huo ni uongo. Alama zile ni za biyopsi, zilikatwa hospitalini Lubumbashi, kwenye ngozi nzima kwa makusudi, ili kutafuta limfoma inayojificha ndani ya mishipa ya damu, na ilipatikana. Nimeambatanisha majibu ya maabara na jina la daktari. Mwenye shaka amwandikie yeye, asimfunue mama.

Alimkataza Komunyo. Sijui ni nani aliyempa mamlaka hayo. Kama ni ninyi, niambieni. Alimwagiza mgonjwa wa saratani aache dawa. Kama mama angetii na kufa, ningekuwa ninaandika kwa mahakama, si kwenu.

Siombi afukuzwe. Ninaomba arudi nyumbani kwa mama, mbele ya watu wale wale, mume wangu akiwapo, na kwa sauti ile ile kubwa aseme: Mama Ngoie, nilikusingizia. Akitaka kunong'ona, abaki kwake.

Mama anapanda treni juma hili, jibu lije au lisije. Kabla ya kusafiri, Jumapili, misa ya kwanza, atakuwa kwenye mstari wa Komunyo. Anayeona hastahili aje amzuie pale, mbele ya Sakramenti, na amwambie sababu usoni.

Mimi nitakuwa nyuma yake kwenye mstari."